Baba yumo kwenye redio?

Jamani, mwanangu kanitoa machozi sasa hivi!

Kachukua redio ya bibi yake, kazungusha kitufe mpaka mwisho, katega sikio.

"Mama, baba yumo humu?"

Baba yake dereva. Kakwama kwenye matope njia ya Tunduru, simu haipatikani tangu juzi.

Nikacheka. Halafu nikakumbuka.

Kabla ya simu za mkononi, wakati wa masika, wake wa madereva walijazana nyumbani kwetu, mtaa wa Msamala. Mama yangu, huyo bibi yake, alizungusha kitufe hichohicho mpaka adake redio ya upepo, ile ya kuitana kwa sauti, kambi za barabara zikitajiana magari yaliyovuka matope. Likitajwa la baba yangu, naye dereva, vigelegele!

Basi tumekaa tunasikiliza. Na kwenu mlikuwa mnadaka nini?

Ngojeni, wifi anaita nje: "Mama Neema, toka! Lori la mumeo limefika!"