Ramani Isiyo na Doa
Nikinusa wino mweusi wa chupa, hadi leo nasikia mfupa ukivunjika. Harufu hiyo ilijaa hotelini kwetu, pale Same kando ya barabara kuu, kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi. Kituo cha mafuta cha jirani kilikuwa kimefungwa, na mwenye kituo akamwachia baba marobota ya ramani za zamani, zile walizogawiwa madereva bure ili wasimame kutazama vivutio. Nyingi zilijaa uongo mtamu. Pale kijijini Kifaru walichora kifaru mnene, wakati sisi tulikuwa tukiona mahindi tu. Lakini milimani, mbele ya Myamba, walichora nyota nyekundu, na hiyo haikuwa uongo. Ilionyesha pango la mafuvu ya wazee wa ukoo wetu, mahali ambapo hata mama yangu, kwa kuwa aliolewa tu, hakuruhusiwa kukaribia.

Baba aligonga mhuri wa hoteli nyuma ya kila ramani ili awape wageni, kisha akakaa na brashi akiziba nyota, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikawa vyeusi. Alinikataza kutoa hata moja ambayo hajaipitia. Nilikubali huku moyoni nikiona anaharibu karatasi nzuri. Siku moja akiwa sokoni, walisimama Wazungu wawili, mume na mke, wakaomba ramani. Nilizishika zile zenye madoa nikaona aibu. Nyumbani kwetu mgeni hakupewa hata kikombe chenye ufa, sembuse karatasi chafu. Nikachomoa iliyo safi kwenye zile zilizosubiri wino, nikampa yule mama wa Kizungu kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Siku ya tatu Baba Mkubwa, kaka yake baba, alishuka kutoka milimani na vijana wawili wa ukoo. Alikuwa ameshika ramani ile, iliyookotwa mlangoni mwa pango, na mhuri wetu nyuma. Fuvu la babu yao halikuwapo. Hakungoja shikamoo ya mtu. Alimpiga baba kwa mpini wa jembe mbele ya wateja, mgongoni, kisha kichwani, meza zikapinduka, supu na damu vikachanganyika sakafuni. Mama alijitupa katikati akasukumwa ukutani. Baba hakurudisha hata pigo moja, maana kaka mkubwa harudishiwi. Wale vijana wakaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya benchi.

“Nani aliwapa?” Baba Mkubwa akauliza.

Baba alinitazama. Nilikuwa mlangoni mwa jiko, nimejikojolea.

“Ni mimi,” akasema.

Mpini ulishuka mara mbili. Kisha walichoma ramani zote uani, na baba akaambiwa asikanyage tena kwao, awe hai au maiti. Nilinyamaza. Nilinyamaza mkono ule ulipopona ukiwa umepinda, na nilinyamaza tulipomzika hapa Same, tambarare, mbali na migomba ya mama yake. Najichukia kwa hilo.

Mwaka jana Baba Mkubwa, sasa mzee wa mkongojo, alinijia na simu ya mjukuu wake. Kwenye ramani ya simu pango lile lina alama, na picha za watu waliosimama ndani wakicheka. Aliniuliza ampige nani safari hii, na nikaona kweli anataka jibu. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia juu ya meza.

“Siku ile ni mimi niliyewapa, Baba Mkubwa.”

Aliinua mkongojo. Sikuuondoa mkono.

“Baba yako alijua?”

“Alijua.”

Mkongojo ulikaa juu muda mrefu, kisha akaulaza mezani taratibu, kando ya mkono wangu. Alilia bila kujifuta. Alipoweza kusema tena, aliniomba nimpeleke makaburini, akamwambie mdogo wake kwamba anaweza kurudi nyumbani.