Kitako cha Bega la Kushoto

Aliniletea mbao tu, imefungwa kwa taulo. Bunduki yenyewe aliiacha nyumbani kwake Randburg ndani ya kabati la chuma, kwa sababu sina leseni na sheria haimruhusu kuniachia. Kwa hiyo nilianza kuifahamu bunduki ile ya kuwindia kwa kitako chake peke yake, kwenye karakana yangu ya Rosettenville, upande wa pili wa jiji, katikati ya miguu ya makochi.

Alikuwa mzee wa Kizungu aliyezaliwa kwenye shamba la kahawa karibu na Arusha. Fundi cherehani mmoja wa Kikongo alimwambia kuna seremala Mrundi anayeongea Kiswahili, yaani mimi. Chake mzee alijifunza utotoni kwa wapishi na wachunga ng'ombe, na nusu yake ilikuwa amri.

"Fundi, ona ufa. Tia gundi. Usipake vanishi, nitakufukuza."

"Utanifukuzaje, mzee, na karakana ni yangu?"

Alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Huwa naandika daftarini kila kitu kinachoingia. Mti wa jozi, mkongwe kuliko sisi sote wawili. Ufa shingoni, pale mkono unaposhika. Namba iliyogongwa kwa ndani, ambayo alisema inalingana na ile ya kwenye chuma. Nilipokilaza juu ya meza bapa nikaona jambo jingine: kitako kilipinda kuelekea kulia, karibu nusu sentimita. Nikadhani ni uzee. Gundi ilipokauka nikampigia simu kumwambia kwamba kwa mvuke na jiliwa la kubania ningekinyoosha bure.

"Usiguse," alisema, na baada ya nusu saa alikuwa mlangoni.

Akakiweka kitako begani, bila chuma chochote mbele yake, akaniambia nitazame shavu lake. Kupinda kule kulikuwa kwa makusudi. Aliyekichonga alitaka mtu alaze shavu, na jicho la kulia lijikute nyuma ya mtutu bila shingo kuhangaika.

"Na mwenye kutumia jicho la kushoto?" niliuliza, kwa udadisi tu.

Alikishusha kitako begani. Kisha akasema jicho lake la kulia halioni tena katikati, na daktari ameshamwambia halitarudi. Bunduki nyingine alizokusanya zilimtosha kwa kuzitazama. Hii ndiyo aliyokuwa akipiga nayo, na hakutaka kuacha. Chuma hakikuwa na tatizo: ni bunduki ya risasi moja moja, haina komeo la kuvutwa upande wa kulia. Unashusha wenzo, unatia risasi, unapandisha wenzo. Bega lolote linaifaa. Kilichomkataa ni mbao.

"Unaweza kuipinda huku?" Alionyesha kushoto.

"Naweza kujaribu. Inaweza kupasuka palepale tulipotia gundi."

"Ikipasuka nimeua kitu cha miaka mia."

"Isipopindwa, na hiyo utaitazama tu kabatini."

"Wewe mchokozi, fundi."

Sikulala vizuri kwa ajili ya kitako cha mtu. Asubuhi nikamwambia nichonge kingine, na kile cha zamani akihifadhi kama kilivyo. Nilikuwa na ubao wa jozi kutoka meza ya kulia chakula ya familia iliyohama nchi. Nilichonga kwa wiki tatu, kisha nikaenda kukifunga nyumbani kwake, yeye amesimama pembeni akihesabu kila mzunguko wa skrubu.

Kwenye uwanja wa shabaha alipanga risasi tano juu ya kitambaa. Niliona kwamba kila moja aliifikiria kivyake, kwani hakuna ya pili inayongoja nyuma yake. Ya kwanza ilitimua vumbi mbali kabisa. Wakati wa kufyatua, kichwa kilikuwa kimeteleza kwenda kulia kwa mazoea. Ya pili na ya tatu vilevile. Ya nne iligonga bamba la chuma la shabaha ukingoni, na mlio ukatufikia umechelewa. Ya tano ikapotea.

"Eish," alisema, akipapasa uso. "Moja tu. Na mfupa wa shavu unagonga hapa."

"Nipunguze?"

"Punguza. Nitarudi Jumamosi, na Jumamosi nyingine."

Tukahakikisha mara mbili kwamba bunduki ni tupu. Akailaza shavuni, akafumba macho yote mawili ili kichwa kijikalie chenyewe, nami nikaanza kuchora kwa penseli pale mbao ilipozidi.

"Usinichore na sikio."

"Tulia, mzee."

Akatulia.