Wiki Moja ya Kulala Gesti

Mama mkwe wangu ni marehemu sasa, na watu hutarajia nimtaje kwa sauti ya chini. Siwezi. Yule mama aliniita bi harusi kwa miaka sita. Kwao mke aliyeolewa alikuwa bi harusi mpaka azae, kisha akaitwa mama wa fulani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo Karatu, baadhi ya wanafunzi wangu wa kwanza walikwisha kuoa, na bado nikipita na ndoo ya maji yeye alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ni bi harusi wetu." Alisema akitabasamu. Mara nyingi nilitamani kumwagia maji yale.

Mpango wa safari ya baiskeli ulianzia kwenye hasira hiyo, wala si kwenye kupenda matembezi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, petroli ikiwa ya shida na mabasi yakija yalipotaka yenyewe. Siku moja walipita Wazungu wawili, mke na mume, watu wazima kabisa, juu ya baiskeli zilizofungwa mizigo mbele na nyuma. Walikuwa wakizunguka tu, wakilala gesti kila walipochoka. Asubuhi niliitwa kuwatafsiria, maana kibaraza cha gesti kilikuwa kimejaa watu wenye maswali. Mama mmoja akataka kujua wana watoto wangapi. Yule Mzungu mwanamke akajibu kwamba hawana, akaomba aongezewe chai. Nikatafsiri. Watu wakahamia kwenye bei ya baiskeli. Yeye akamaliza chai yake, akapanda baiskeli, akaenda zake, na waliobaki wakimsema hakuwapo kuwasikia.

Nilimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamke yeyote mwenye watoto.

Jioni ile nikamwambia mume wangu kwamba likizo ya Juni, masika yakishaisha na njia zimekauka, mahindi yamesimama na vumbi bado halijawa baya, tuzunguke wiki nzima tukilala gesti. Yeye alikuwa bwana shamba, ana baiskeli ya kazini. Mimi nilikuwa na yangu ya kike. Alicheka, kisha akakubali. Nikachora njia nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Tungeanza Rhotia, tupite Kansay mpaka Mbulu, turudi, tupande Oldeani, na mwisho twende lango la Ngorongoro. Pale tungewaachia askari baiskeli kwa sababu ya nyati, tudandie lori mpaka ukingoni mwa kreta. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo chini ya mlima ule, nikiwapungia mkono watalii, na kreta yenyewe sijaiona.

Lakini si kreta niliyoitaka. Nilimweleza wazi kwamba nataka wiki moja ambayo hakuna mtu atanitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Aliitikia kwa kichwa. Niliamini amenielewa.

Neno gesti likamfikia mama yake. Kwa yule mama, gesti ni mahali mwanamume anapompeleka mke wa mwenzake. Alikuja na kiti chake, akakaa mbele ya kalenda yangu, akazungumza na mwanawe kwa Kiiraqw kwa muda mrefu. Mimi ni mtu wa Singida, na Kiiraqw nilichokijua kilinitosha sokoni tu. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili chake cha kanisani.

"Una shangazi Rhotia, halafu ulale gesti?"

Hapo ndipo safari yangu ilipoanza kufa. Huku kwao, ukimpita ndugu ukaenda kulipia kitanda, umeutangazia ulimwengu kwamba amekufukuza mlangoni. Ni desturi nzuri kwa mtu anayependwa. Shangazi wa Rhotia, kila Krismasi, alikuwa akinisalimia kwa kunishika tumbo. Mbulu kulikuwa na mjomba mwalimu wa dini, ambaye aliwahi kuniombea kwa sauti mbele ya kanisa zima bila mimi kumwomba. Mume wangu alishika penseli, na kila mama yake alipotaja ndugu, alifuta gesti akaandika ndugu. Nilimtazama akifuta. Mkono wake haukusita hata mara moja.

Oldeani pekee hatukuwa na mtu, kwa kuwa pale pamejaa vibarua wa mashamba ya kahawa waliotoka kila upande wa nchi. Mama mkwe akasema ni pa walevi. Napo pakafutwa, kisha Kansay ikaongezewa siku. Nikauliza kwa nini Kansay, kijiji kile kina nini. Mume wangu akasema njia ni mbaya, tutahitaji kupumzika. Akaongeza kwa Kiiraqw neno ambalo lilimfanya mama yake aitikie kwa kichwa, ameridhika.

Baada ya hapo tulikuwa tunagombana kila siku. Nyumba nzima ilijazwa zawadi za kuwapelekea watu nisiotaka kuwaona: sukari ya kutafuta kwa kubembeleza maduka, sabuni, majani ya chai. Mama mkwe akaleta na jingine, kwamba kiti cha baiskeli kinamtikisa mwanamke tumbo na huenda ndiyo sababu sijazaa. Nikamjibu kwamba tumbo tupu halina cha kutikisa. Mume wangu akaniambia nimwombe mama yake radhi. Sikuomba, na sijaomba mpaka leo.

Jioni ya kuamkia safari nikamkuta uani akifunga kuku nyuma ya baiskeli yake. Kuku jike, mweusi tii, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Nikamuuliza kuku ni wa shangazi yupi.

"Wa yule bibi wa Kansay," alisema bila kuinua kichwa. "Anayeshika matumbo ya wasiozaa."

"Mlilipanga hili tangu lini?"

"Tutakaa kwake siku chache tu. Akishakushika, tutaendelea na safari yako."

"Na wewe atakushika wapi?"

Akakaza fundo la kamba. Yule kuku alikuwa ananitazama. Mume wangu hakunitazama. Nilimchukia pale uani waziwazi, na nilijua nimemchukia, na nikaenda kulala kitanda kimoja naye kwa sababu hapakuwa na kingine.

Alfajiri nilitoa baiskeli yangu kabla hajaamka. Sukari nikaiacha. Nilipofika njia panda nikakata kushoto, kuelekea Oldeani. Barabara ile ni ya mawe na inapanda. Sehemu kubwa niliisukuma baiskeli huku nikitukana kwa Kinyaturu, ambacho huku hakuna aliyekisikia. Nilijisemea jibu langu njia nzima. Nitaulizwa, nitasema sina, nitaomba chai. Nililirudia mpaka likawa jepesi mdomoni.

Gesti ilikuwa vyumba vichache nyuma ya baa. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene wa Kigoma, mwenye sauti kubwa na moyo mzuri. Aliniletea maji ya moto ya kuoga na chai ya rangi, akakaa nami kwenye benchi. Hakuwa akijua mtu yeyote ninayemjua. Kitanda kilikwisha kutandikwa. Kila kitu nilichokitaka kilikuwa pale.

"Nikuite mama nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo kusema. Likatoka jina la mtoto wa kiume, zuri, kama lililokuwa limekaa tayari tangu siku nyingi.

"Mungu amkuze. Na wadogo zake?"

Nikasema wote ni wanne. Akapiga makofi kwa furaha, akanimiminia chai nyingine bila mimi kuomba, akauliza wote hao nimewaacha na nani.

"Na bibi yao," nikasema. "Hawezi kukaa hata siku moja bila kuwaona."