Vazi la Vishikio vya Makopo Limemponza Jirani Yangu

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha, ingawa najua aliyeliona vazi lenyewe atanitambua.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Lindi, fundi cherehani hapa Kariakoo. Nimeposwa na kijana nitakayemwita Rajabu, mpakua mizigo bandarini. Nimepanga chumba cha uani katika nyumba ambayo mbele ina duka la Mchaga mmoja, Baba Anna. Yeye ndiye aliyeniruhusu kuweka cherehani barazani kwake bure, huu mwaka wa tatu. Aliniona nashonea juani akasema, "Ingia hapa binti, utaugua." Mtu huyo ndiye niliyemponza.

Kikundi cha maigizo cha mtaa wetu kilikuwa kinatayarisha mchezo wa mlanguzi anayegeuka chatu na kumeza chakula cha watu. Mwenyekiti akanitaka nishone vazi la chatu. Kitambaa nitoe wapi, na khanga yenyewe tunaipigania foleni? Rajabu akacheka, akasema niachie mimi. Siku ya tatu akaja na mfuko wa turubai umejaa vishikio vya makopo ya bia, vile vipete vyenye ulimi unavyovivuta kopo likafunguka. Nikamuuliza vimetoka wapi, maana bia yetu sisi ni ya chupa, kopo ni kitu cha melini. Akanijibu, "Wewe shona." Nikashona, na mifuko mingine akaleta.

Sitaki kusema uongo, kazi ile niliipenda. Nilikuwa napenyeza ulimi wa kipete kimoja kwenye tundu la kingine, naukunja kwa koleo, halafu napiga tupa pale penye makali. Vidole vilichanika mpaka nikashindwa kushika sindano. Ndani nikaweka bitana ya gunia la unga ili mchezaji asikwaruzwe. Lilipokamilika lilifika chini hadi kwenye vifundo vya miguu, na ukilitikisa lilitoa mlio mwembamba wa kusisimua. Mama Anna alipolisikia mara ya kwanza alirudi nyuma, akasema, "Mwanangu, hilo vazi linanitisha."

Siku ya mchezo chatu alipoingia uwanjani watu walipiga kelele. Mchezo ulipokwisha, bwana mmoja aliyekuwa amekaa kwenye viti vya wageni akaniita. Alinisifu sana. Halafu akalishika vazi, akawa anapitisha vidole kwenye vipete kimoja kimoja, taratibu, kama anayehesabu, na tabasamu likatoweka usoni mwake.

"Dada, kila kimoja hapa ni kopo zima. Makopo yote haya yameingia nchini kwa njia gani? Nani amekupa?"

Nyuma yake alisimama Rajabu. Alinikazia macho, akatikisa kichwa kidogo tu.

Ndugu wasomaji, wengine watasema neno lilinitoka kwa hofu. Hapana. Nilifikiri kwanza. Nilijua nikimtaja mfanyabiashara, tena Mchaga, hakuna atakayeuliza mara mbili. Nikasema, "Nimeokota nyuma ya duka la Baba Anna."

Yule bwana akashukuru, akaondoka. Siku tatu nzima hakikutokea kitu, nikaanza kujidanganya kwamba yamepita. Ya nne, asubuhi, Landrova ya polisi ikasimama mbele ya duka. Walipekua kila pembe wasione kopo hata moja, ila chini ya kaunta wakakuta katoni mbili za sabuni, wakasema ameficha bidhaa. Baba Anna alipopitishwa karibu na cherehani yangu aliniambia, "Binti, niangalizie Mama Anna." Nikainamia cherehani.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Duka limefungwa. Majirani waliokuwa wakimwamkia Mama Anna sasa wanapita upande wa pili wa barabara. Juzi alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akanishika mikono hii yenye makovu.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeshinda barazani kwetu. Alhamisi ijayo anapelekwa mahakamani. Twende ukawaambie hujawahi kuona kopo la bia pale. Watakusikiliza wewe, sisi hawatusikilizi."

Hajui ni nani aliyemtaja mumewe. Nikamwambia nitakwenda. Akanibusu paji la uso.

Nilipomweleza Rajabu hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Alisema tu, "Ukifungua mdomo tunakwenda wote wawili, vazi umeshona kwa mikono yako. Na mimi sikuwa peke yangu kule bandarini. Wenzangu wanapajua unapolala." Tangu hapo kuna mwanamume nisiyemjua anayesimama mkabala na baraza yetu. Hanunui kitu, hauzi kitu. Jana nilikwenda sokoni, nikageuka kwenye vitunguu nikamwona. Jioni Rajabu akaja na sura ya furaha, akasema ndoa iharakishwe, amekwisha kumwandikia mama yangu Lindi, na mama amekubali.

Nikienda na kusema sikuona kopo, wataniuliza vipete nilivitoa wapi, na hapo sina pa kujificha. Nikisema kweli yote, namfunga mchumba wangu na huenda nikafungwa naye, au hao wenzake wakanidhuru. Nikinyamaza, baba wa watu atafungwa kwa neno langu, nami nitaolewa na mtu ninayemwogopa.

Gazeti lenu hutoka Jumapili. Alhamisi saa mbili asubuhi Mama Anna atagonga mlango wangu tufuatane. Wazazi wangu, kaka na dada zangu mnaosoma hapa, semeni nami kama mtoto wenu: nimfungulie nimwambie nini?