Kitanda cha Mungu Mtoto

Mwanangu, bado nakumbuka ile siku nilipopita katikati ya mji wa Kericho na kitanda cha mtoto kichwani na kibuyu mkononi, nimejaa furaha ya bure. Jana nilikusikia ukicheka na wenzako juu ya yule daktari Muhindi mnayefanya naye kazi, eti Mungu wake anakaa kwa rafu. Sikukukemea. Kicheko hicho nakijua, kilikuwa changu kabla yako.

Nilikuwa fundi wa mbao, kijana aliyetoka kijijini Kimulot juzi juzi, na maringo yangu ya kuimba kwaya. Mama Savita, mjane Muhindi mwenye duka la vitambaa, aliniagiza kitanda cha mtoto, cha kubembea kwa kamba. Kile alichotengeneza marehemu mumewe kilikuwa kimeliwa na mchwa. "Kiwe tayari kabla ya sikukuu," akasema, "mtoto anazaliwa." Basi! Mimi nikajua amepata mjukuu. Nikatengeneza kitanda cha mtoto mnono kabisa, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini. Nyanya yangu, niliyekuwa naishi naye, aliposikia kuna mzazi akatoa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, nimpelekee.

Nilifika asubuhi, sikukuu ikiwa kesho yake. "Mtoto yuko wapi, tumwone?"

Mama Savita akakitazama kile kitanda, akacheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akanionyesha sanamu ndogo ya shaba, mtoto anayetambaa, hazidi kiganja changu. "Huyu hapa. Ni Krishna. Ni Mungu wetu, na kesho ndiyo siku ya kuzaliwa kwake."

Lo! Damu ilinipanda. "Mama, Mungu aliyeumba msitu wote wa Mau analala kwa kitanda? Mimi ni Mkristo!" Nikabeba kitanda changu na kibuyu changu, nikaondoka.

"Fundi, sikukuu ni kesho," aliniita kutoka mlangoni. "Sina mwingine wa kunitengenezea." Wala sikugeuka.

Nyumbani nikajisifu kwa nyanya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe jina lako ulilipataje?"

Alijua najua. Kwetu wazee hutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine, mpaka mtoto apige chafya, na hapo wanajua ni nani amerudi.

"Tulipotaja jina la baba yangu ukapiga chafya, nikalia," akasema. "Hujawahi kuniuliza alipitia wapi kuingia. Yule mama umemfokea hata kabla hujamuuliza."

Niliona aibu, mwanangu, niliona aibu sana. Lakini pia nilitaka kujua. Nikarudi mchana huo huo na kile kitanda, msumeno na mursik, nikamwomba msamaha, nikakaa kwenye ngazi ya duka kukata mbao upya.

"Mama, Mungu ameingiaje kwenye shaba?"

"Shaba ni shaba. Tunamwomba akubali kukaa hapo ili tumwone. Hakuna mtu anaweza kumlazimisha."

"Na akishuka, huko juu kunabaki nani?"

"Yeye. Yuko kule mzima na hapa mzima. Ukipata kipimo cha kumpima, fundi, uniletee."

Nikamweleza habari ya chafya, nikidhani nimempata. Akafikiri. Akasema sisi binadamu tunarudi kwa sababu matendo yetu yanatusukuma, lakini Mungu hasukumwi na kitu. Anakuja kwa hiari, dunia ikizidiwa na uovu. Amewahi kuja samaki, amewahi kuja nguruwe mwitu.

"Nguruwe!" Msumeno ukasimama.

"Kulikuwa na gharika, akaja samaki. Dunia ilizama majini, akaja nguruwe mwenye meno marefu ya kuiinua. Wewe ukienda kazini hubebi kifaa kinachofaa kazi?"

Nikaushika msumeno tena. "Na mtoto je? Anafaa kazi gani?"

"Mfalme ungemwogopa," akasema. "Mtoto unambeba."

Kabla jua halijazama kitanda kilikuwa tayari, kidogo kama sahani. Akamlaza mtoto wake, akaweka kikombe cha mursik mbele yake, akanipa kamba. Nikaivuta taratibu, mara moja, mara mbili. Mpaka leo sijui kama nilikuwa napima kazi yangu au nilikuwa nambembeleza.

Sikuhama kanisa, unaniona kila Jumapili. Lakini nakuambia hivi: mtu akikuonyesha anachokiabudu, amekufungulia chumba cha ndani kabisa. Vua kicheko mlangoni, kisha uliza, na uulize kwa sababu unataka jibu. Usiogope kwamba Mungu wako atapungua.

Mama Savita alishafariki, na yapo maswali ambayo sikuwahi kumuuliza. Haya, nenda kazini kesho, Mungu akutangulie, akupe miaka mingi na moyo usiochoka kushangaa. Muulize daktari. Akikujibu, mwanangu, njoo haraka uniambie, maana mimi nazeeka na bado nataka kujua.