Granola ya Mama Oluoch

Seline wa Kambi Muru, Kibera, ambaye chapati zake hufuatwa na watu kutoka Makina, hakuwa amewahi kuonja granola, ile nafaka kavu ya kutafunwa asubuhi. Lakini mwanawe Oluoch alitaka kumwoa Jackie wa Kawangware, na Gathoni, mamake Jackie, mwenye ploti zake za kupangisha, alikuwa bado akisitasita kuhusu wakwe wa kutoka Kibera. Jackie akadokeza kwamba mamake hapendi kiamsha kinywa kingine ila granola. Basi Seline akaapa kwamba Krismasi hii hataenda huko na mkate na soda kama watu wengine.

Mwanamke huyo hana mchezo. Alichanganya oti, njugu, simsim na asali kwenye sufuria, kama Jackie alivyomwelekeza, akaibandika jikoni, akaweka makaa mengine juu ya kifuniko. Alifunua na kukoroga, akafunua na kukoroga, hadi majirani wakaanza kuchungulia mlangoni. Granola ikatoka kavu, ikilia mdomoni. Kisha akafanya kile ambacho mpishi wa chapati hufanya bila kufikiri: akaifunga kwa leso ingali moto, akaitia kwenye hotpoti, bakuli lake la kutunza joto. Watu wa heshima hawapelekewi chakula baridi! Akashika njia na mwanawe kwa miguu kupitia mtaa wa Olympic, kichwa juu.

Sebuleni kwa Gathoni, hotpoti ilipofunguliwa, mvuke ukatoka. Gathoni akatia kijiko mdomoni, akatafuna polepole. Seline naye akaonja, na uso ukamshuka. Granola ilikuwa imelowa, laini kama uji uliolala.

Mwingine angesingizia safari. Seline, na hapa ndipo anapostahili kuvuliwa kofia, alisimama.

"Mama Jackie, nimeiharibu mwenyewe. Nimeifunika ikiwa moto kama chapati. Nionyeshe jikoni niikaushe."

Mama wa kijana, siku ya kwanza kwa wakwe, anaomba jiko! Oluoch alitamani ardhi immeze. Gathoni alimkazia Seline macho, kisha akainuka, akamtolea sufuria pana. Wakasimama bega kwa bega, Seline akikoroga, Gathoni akionja na kudai bado, bado kidogo. Mwishowe ikalia mdomoni mwake, naye akacheka kwa sauti.

"Mkikuja na wazee kuposa, Mama Oluoch, wewe usingoje kuja na wao. Kuja asubuhi, tupike pamoja."

Seline aliendelea tu kukoroga, ingawa Gathoni alikuwa ameshazima moto.