Mwenyekiti wa Kampuni ya Tabitha

Kwa miaka kumi na mmoja Tabitha wa kijiji cha Mamba, upande wa Moshi, alivuka mpaka kila Jumatano na Jumamosi kwenda kuuza ndizi soko la Taveta, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwita mgeni. Siku alipotaka kufungua karakana ya kufuma masweta ya shule palepale Taveta, ndipo alipoelezwa kwamba yeye ni raia wa nchi nyingine, kwa hiyo ni mwekezaji, na mwekezaji lazima aandikishe kampuni kwanza. Mjane mwenye watoto wanne na mashine mbili kuukuu za kufuma, eti mwekezaji! Alicheka mpaka barabarani, kisha kicheko kikamwishia.

Maana mwaka ule wa 1974 nyuzi za sufu zilikuwa zimeadimika Moshi nzima, na Taveta zilijaa madukani. Migomba peke yake haisomeshi watoto wanne. Ama apate kampuni, ama mashine zishike kutu chini ya gunia.

Basi akapanda treni Moshi mpaka Voi, kwenye ofisi ya wakili mmoja, na karani akampa fomu ya kuandika majina ya wakurugenzi. Hapo ndipo alipojiponza. Mwanamke aliyelelewa mlimani angewezaje kuandika jina lake juu ya jina la mzee? Mzee Aminieli, mdogo wake marehemu baba mkwe, ndiye aliyesimama naye tangu mumewe alipofariki. Akamwandika wa kwanza, yeye akajiweka chini yake. Ilikuwa heshima tu. Karani hakujua habari za heshima. Aliyeandikwa wa kwanza akamfanya mwenyekiti, na tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyokwenda Nairobi kwa msajili wa makampuni bila sahihi yake.

Na sahihi ya Mzee Aminieli ilikuwa na mambo! Hakutia sahihi akiwa na njaa, wala akiwa ameshiba. Karatasi asomewe kwa Kiswahili, aelezwe tena kwa Kichagga, aletewe kata ya mbege, pombe ya ndizi, halafu aseme jambo lenyewe ni zito, ngoja alilalie. Mara mbili karatasi zilirudishwa kwa kuchelewa. Mara ya tatu alitia sahihi kwa penseli, ili kama amekosea aweze kufuta. Miezi minane ikapita hivyo. Wakati huohuo mzee alinunua mkoba, na Mamba nzima, hata pale kanisani, wakaanza kumwita mwenyekiti.

Tabitha akarudi Voi kuuliza jinsi ya kumwondoa. Karani akamjibu bila kuinua macho kwamba ni rahisi sana: mwenyekiti mwenyewe atie sahihi ya kujiondoa. Siku hiyo Tabitha alitamani kuitafuna ile fomu.

Akaenda kwa mzee, akamwamkia, na kwa mara ya kwanza maishani akamwambia mkubwa wake jambo bila kulizungusha.

"Baba, naomba jina lako litoke. Kampuni ni ya kwangu."

Mzee akamkumbusha kwamba yeye mzee alizaliwa katikati ya ndugu zake. Mlimani mtoto wa kwanza na wa mwisho ndio wanaopewa kihamba, shamba la migomba la baba yao. Wa katikati huambiwa dunia ni pana, akatafute.

"Tangu nizaliwe," alisema, "ni wewe tu uliyeniandika wa kwanza."

Tabitha alichukia kweli. Alikuwa amekuja na hasira yake nzima, sasa angeipeleka wapi? Akamwambia, kwa ukali kuliko alivyokusudia, kwamba kama yeye ni mwenyekiti basi Alhamisi wataipanda treni pamoja.

Kule Voi karani alisimama kumpokea mzee, akampa kiti cha pekee kilichokuwapo. Tabitha hakutazamwa. Karani akamuuliza mwenyekiti kampuni ina mashine ngapi. Mzee akamgeukia Tabitha. Tabitha akatazama ukuta. Mzee akaulizwa mashine moja inafuma masweta mangapi kwa wiki. Akamgeukia tena. Alipoulizwa nyuzi zitanunuliwa kwa nani, hakugeuka. Aliomba kalamu.

"Nipe ile karatasi ya kutoka," alisema. "Mwenye kampuni ni huyu."

Alitia sahihi kwa wino, bila kusomewa, bila kuomba alilalie. Kisha akainuka, akavua kofia, akakisukuma kiti kwa Tabitha.

Kwa miezi minane Tabitha alikuwa amekitaka kiti hicho. Lakini mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi, na mlimani mdogo haketi mkubwa wake akiwa amesimama. Karani akagonga mihuri yake, na kiti kikabaki kitupu katikati yao.